Tembo la Posa

Katika siku zote za kunichelewesha, Bwana Aidarus akachagua ile. Jua linashuka, na mimi bado nabeba magunia yake ya tende Mji wa Kale. Nikimwambia nina safari, ananionyesha gunia jingine.

Na wala haikuwa safari ya kutisha. Mwaka ule gari la moshi lilikuwa bado jambo jipya Mombasa, na kilima cha ng'ambo ya Makupa hata kikongwe alikipanda bila kupumzika. Juu kulikuwa na wagema. Nilitakiwa kununua kibuyu cha tembo, nikipeleke Tudor kwa mzee Chonga kumposa binti yake, Dama. Kwetu binti huulizwa mbele ya watu kama tembo lililoletwa linywewe. Akikubali, likanyweka, basi huyo ni mke wa watu. Mzee alishasema amechoka kungoja. Nisipofika jioni ile, nisirudi tena.

Nilipanda nikilaani magunia na mwenye magunia. Kufika juu, vibanda vitupu. Wagema wote wamekwenda zao.

Kisha ikanijia harufu... Tembo. Tamu, lakini imechanganyika na udongo mbichi.

Mwanamke mtu mzima alikuwa ameketi chini ya mnazi uliokauka, mtungi wa tembo mbele yake, mahali nilipopita sasa hivi nisimwone. Nikamwamkia, nikaomba tembo. Akauliza la nini, la nani, linakwenda wapi. Nilikuwa na haraka, nikamjibu yote.

"Na mimi nina kijana," akanong'ona. "Hajaoa."

Nikasema Mungu atamjalia, sasa aonje. Muuzaji huonja kwanza, mnunuzi aone kwamba halina uchawi. Hakunyoosha mkono.

"Onja, mama."

"Hili si la mdomo wangu."

Nilitaka kulia kwa hasira. Tembo lipo, kibuyu ninacho, na sithubutu kulichukua. Nikateremka mikono mitupu.

Nyuma yangu, majani makavu... kwacha... kwacha...

Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Hata pale juu, chini ya mnazi, hapakuwa na mtu.

Nilikimbia mpaka Tudor, na njiani sikupitwa na kiumbe. Nilikwisha kupanga maneno ya kuomba siku moja zaidi. Lakini uwanjani kwa mzee Chonga watu walikuwa wakifuta midomo, na mzee mwenyewe macho mekundu. Harufu ya kilimani ilikuwa imejaa hapo.

Mzee aliniuliza nimefuata nini. Posa imepokewa, akasema. Mama wa bwana harusi ameleta tembo mwenyewe, Dama ameulizwa, amekubali, limenyweka. Nikamweleza habari ya yule mwanamke, neno kwa neno. Akanipungia mkono kama anayefukuza kuku.

Jirani yao, Nyevu, ndiye aliyenivuta kando. Akaniambia Dama alikubali akidhani tembo ni langu. Akaniambia pia kwamba mwanamke wa sura hiyo alikuwako kule juu zamani. Mwanawe mgema alianguka mnazini akafa kabla ya kuoa, na mama hakumaliza mwezi.

"Wote wamezikwa huko huko," akasema. Zaidi ya hapo hakujua, au hakutaka kujua.

Hasira zikanipanda upya. Magunia, wagema, mzee na tumbo lake! Nikaingia uani bila hodi.

Dama alikuwa amepakwa mafuta, ametandika mkeka mpya. Juu ya mkeka hapakuwa na mtu. Alikuwa ameweka sahani ya chakula, naye ameinamisha uso, anatabasamu kwa haya. Mimi hajapata kunitabasamia hivyo.

"Dama," nikamwita. "Mimi hapa. Twende."

Nikakanyaga mkeka nimshike mkono.

Akanyanyua uso, akaniangalia kama anavyoangaliwa mtu asiye na adabu.

"Ngumbao, tafadhali sogea," akasema polepole. "Unamkanyaga."