Mabomba Mawili Hayakutosha

Kazi yangu ni kuoka mikate. Tanuri langu liko nyuma ya nyumba, karibu na kijito. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Ndiye aliyejenga kivuko chetu cha kuvukia kijito kwenda barabarani: udongo juu, mabomba mawili ya maji chini.

Mvua ya kwanza tu, maji yalishindwa kupita. Yakarudi nyuma, yakaingia tanurini. Unga wangu ukawa uji. Mume wangu akachungulia mabomba, hayakuwa na taka. Mvua ya pili, mambo yaleyale. Nilikasirika, na niliogopa pia. Tanuri likibomoka, tutakula nini?

"Mimi sielewi," alisema mume wangu. "Kule juu, seremala ana bomba moja, na kivuko chake ni kizima. Kutoka chanzo cha kijito mpaka hapa ni mara mbili ya umbali wa kufika kwake. Nikaweka mawili. Hesabu si hiyo?"

Nami niliona ndiyo hiyo. Tukamwita jirani yetu, mama mpima ardhi.

"Shemeji, hesabu imekwenda mrama," alisema. "Bomba halipitishi urefu wa kijito. Linapitisha maji ya mvua ya ardhi yote inayoteremkia kijito: mashamba, mapaa, njia."

"Si kijito kilekile?"

"Ndicho. Lakini kikirefuka, ardhi hiyo hairefuki tu."

Hapo ndipo nilipozidi kuchanganyikiwa. Jirani akanigeukia.

"Dada, ukisukuma donge la unga mpaka liwe refu mara mbili, upana unabaki vilevile?"

"Hapana, nao unatanuka."

"Basi na ardhi ni hivyo. Kijito kikiwa kirefu mara mbili, mara nyingi ardhi inayokiletea maji huwa kubwa kama mara tatu."

"Mbili ikawa tatu? Hesabu ya wapi hiyo?" mume wangu aliuliza.

"Ya vijito, shemeji. Ng'oa mabomba. Jenga daraja lililo wazi chini. Upana nitakupimia mimi."

Alinung'unika wee, lakini aling'oa. Akachomelea vyuma, akajenga daraja.

Mvua kubwa ikaja mchana. Tulisimama dirishani, roho mkononi. Maji yalipanda, yakanguruma, yakapita chini ya daraja. Mume wangu akasema bado haelewi mbili inakuwaje tatu. Nikamwacha na hesabu zake. Nilitoka na mwavuli, nikatia mkono tanurini.

Majivu yalikuwa makavu. Nikalia kidogo, kisha nikaenda kukanda unga.