Umeshika Nini, Binti Yangu?

Jioni meli ilipokuwa inaiacha Palermo, Ermelinda alipanda mkahawani kupasha chupa ya maziwa. Kazi ndogo tu. Gerardo, mumewe, alikuwa amejilaza na viatu vyake, na mtoto wao Donato yuko pembeni yake, mito imemzunguka. Akapasha, akajidondoshea tone mkononi kuonja joto, akashuka ngazi mbiombio, maana tangu binti yake wa kwanza afe kitandani kule kijijini, hata jino hajaota, bila homa, bila kilio, Ermelinda hakuwa tena mtu wa kutembea polepole akiwa mbali na mtoto.

Kwenye korido akasimama.

Chini ya mlango wao ulikuwa unatoka upepo.

Chumba chao kilikuwa cha ndani, hakina dirisha. Ukizima taa mchana kweupe ni sawa na usiku wa manane. Upepo utoke wapi? Na ulikuwa na harufu... harufu ya masizi, na ya majani ya mjozi, ule mti wa jozi, yaliyolowa mvua. Harufu ya kwao, milima ya nyuma ya Benevento. Si ya bahari hata kidogo.

Akapitisha kadi mlangoni, akakosea, akapitisha tena.

Gerardo anakoroma. Mtoto macho wazi, anatazama dari, kimya. Midomo yake ya zambarau.

"Gerardo! We Gerardo, amka!"

"Nini tena?"

"Kuna mtu kaingia humu."

"Kaingiaje? Kwa tundu la bomba?" Gerardo alijikuna kifua. "Mwanamke, tumekuja kupumzika. Mama katulipia wiki nzima ya bahari, wewe umekuja na wachawi wako kwenye begi."

Ni kweli, Mama Assunta, mama yake Gerardo, ndiye aliyewalipia. Bibi ambaye maishani hajawahi hata kulowesha miguu ufukweni, siku moja kawaita mezani, kasema tu: tuondoke hapa, tuvuke maji, maji mengi. Hakuna aliyemwelewa. Ila tangu msiba ule nyumba yote ilikuwa inanuka kilio, basi wakakubali.

Ermelinda alimnyanyua mtoto, akamsugua mgongo mpaka midomo ikarudi rangi yake. Yeye alilelewa na bibi yake mzaa mama, na bibi alimfundisha kila kitu. Mchawi wa kike, ambaye kwao wanamwita janara, hukutana na wenzake usiku chini ya mijozi, na hupita chini ya mlango kama upepo. Hukalia vifua vya watu, na watoto huwanyonya pumzi. Unamzuia kwa ufagio ulioegemezwa mlangoni, kwa sababu hawezi kuingia kabla hajahesabu unyasi mmoja mmoja, na kabla hajamaliza kunakucha. Au kwa mkasi uliofunguliwa chini ya mto.

Mkasi aliufungasha kwenye begi. Walinzi wa bandari ya Napoli wakauona kwenye mashine yao ya kukagua mizigo, wakautupa sandukuni pamoja na visu vya watu. Ufagio melini hakuna. Alipomwomba mhudumu wa usafi, akaletewa mashine ya kuvuta vumbi.

Kilichobaki ni maneno. Akainama mlangoni, mdomo karibu na zulia, akanong'ona kama alivyofundishwa:

"Njoo kesho uchukue chumvi."

Upepo ukakatika. Papo hapo. Kama mtu aliyezibwa mdomo.

Hayo maneno ni mtego. Yeyote atakayekuja asubuhi kukuomba chumvi, ndiye.

Na Ermelinda alikuwa na mtu wake moyoni tayari. Mezani kwao walipangiwa kukaa na bibi mmoja wa Genova, Ortensia, mwenye pete kila kidole, ambaye siku ya kwanza alimshika Donato shavu akasema, "Mtoto mzuri huyu, mnono kama siagi!" Basi. Hakuongeza "Mungu ambariki". Mama Assunta alilazimika kuyasema mwenyewe, haraka, akigusa funguo zake za chuma mfukoni kufukuza kijicho.

Asubuhi Ermelinda akaketi, macho kwa Ortensia. Ortensia akapasua yai lake. Akalitazama. Akalila hivyo hivyo.

"Daktari kanikataza chumvi," akasema kwa huzuni. "Maisha gani haya?"

Na Mama Assunta, kutoka upande wa pili wa meza, akanyoosha mkono.

"Ermelinda, binti yangu. Nipe chumvi."

Kikopo cha chumvi kilikuwa mbele ya Ermelinda. Akakitazama. Akamtazama mama mkwe. Halafu akacheka, kicheko kikavu cha mtu aliyejiona mjinga, maana kijijini mtu huja kubisha hodi kwako kuomba chumvi, lakini melini, mezani, nani asiyeomba chumvi? Hata Gerardo angeomba. Akaisukuma.

Mama Assunta hakuitia kwenye yai. Aliishika tu kiganjani, muda mrefu.

Donato alizidi kupungua. Maziwa ananyonya lakini hayaendi mahali. Mapajani yakatokea mabaka ya bluu, madogo, kama alama za vidole. Daktari wa meli akamulika masikio, akapima joto, akasema ni uchovu wa safari. Walipofika Valletta, watu wote wakashuka kwenda kuona ngome na makanisa, Ermelinda yeye akazunguka vichochoroni mpaka akapata duka la kuuza mafagio. Akachagua wa nyasi, mnene. Gerardo akaubeba kama mtu anayebeba mzoga.

"Watu wananunua mvinyo, mimi nabeba ufagio! Watadhani nimeajiriwa."

"Wadhani. Usiuache tu, Gerardo, nakuomba. Nakupigia magoti."

Walipopanda ngazi ya meli alimwona amekuja mikono mitupu. Alikuwa ameuegemeza kwenye pipa la taka gatini. Kwa aibu. Eti watu walikuwa wanampiga picha.

Ermelinda akaenda kusimama ukingoni mwa sitaha. Alitazama gati likiwa jembamba, jembamba, mpaka ufagio ukawa kijiti, halafu hakuna.

Jambo lile lilitokea jioni meli ilipokuwa inatoka Piraeus. Watu wote walikuwa sitahani na glasi zao kuaga mji. Gerardo naye huko. Mama Assunta alisema kichwa kinamuuma, akabaki chumbani kwake, ng'ambo ya korido. Ermelinda akafunga mlango, akatia komeo, akatia na mnyororo, akazima taa mtoto alale.

Giza la kule ndani... hujui kama umefumba macho au umefumbua.

Akasikia injini. Akasikia pumzi za Donato, fupi fupi. Akasikia mnyororo wa mlango ukigonga mara moja. Ti.

Halafu baridi miguuni.

Masizi. Majani ya mjozi.

Godoro likalemewa upande wa mtoto. Pumzi za Donato zikakoma. Palepale hofu yote ikamtoka Ermelinda ikabaki kazi moja tu, ile aliyofundishwa na bibi yake tangu mdogo: mkamate nywele. Ukimshika nywele atakuuliza umeshika nini. Jibu ni moja. Sema: chuma na feleji. Ukitaja vyuma hivyo viwili amefungwa, nguvu zinamwisha, hatagusa tena mtoto wa nyumba yako. Ukisema ni nywele, anateleza kama mkunga wa majini anakwenda zake, na wewe hatakuuliza tena maisha yako yote.

Akatupa mikono gizani. Akashika.

Msuko. Mzito, mrefu, umebanwa chini kwa utepe wa sufu.

Mikono yake iliujua kabla yeye hajaujua. Kila jioni, tangu alipoolewa, ndiye aliyeuchana na kuusuka, kwa mafuta ya majani ya rozmari, wakipiga soga jikoni. Utepe ule aliufunga mwenyewe, saa chache zilizopita.

Na sauti ikaja karibu na sikio lake. Ya upole. Imechoka.

"Umeshika nini, binti yangu?"

Chuma. Neno lilikuwa ulimini. Lakini bibi yake mzaa mama alisema pia kwamba janara aliyefungwa kwa chuma huanza kuoza akiwa hai. Hulala kitandani miaka, hafi wala haponi. Na huyu ndiye aliyemshika mkono siku wanamzika binti yake. Huyu ndiye aliyemwita binti wakati hana mtu wa kumwita hivyo. Gerardo atamtazamaje? Atamwambia nini, kwamba mama yako nimemfunga?

"Umeshika nini?" Sauti ikatetemeka. "Sema, mwanangu. Sema."

"Nywele," Ermelinda akalia. "Nywele zako, mama."

Msuko ukalowa mikononi mwake, ukawa utelezi, ukapita. Hakubaki na hata unywele. Donato akavuta pumzi kwa mkwaruzo, akaanza kulia. Alipowasha taa, komeo lilikuwa mahali pake. Mnyororo mahali pake. Ulikuwa unacheza tu, polepole, huku na huku.

Hakumwambia Gerardo. Angesemaje?

Asubuhi ya kurudi, Napoli ikiwa imeanza kuonekana na mlima wake wa moto nyuma, Mama Assunta alimkuta Ermelinda sitahani na mtoto kifuani. Akasimama kando yake. Uso umemshuka, kama aliyezeeka kwa usiku mmoja. Msuko umefunguka, nywele zinapeperuka.

"Ulinihurumia," akasema.

Ermelinda akambana mtoto.

"Mimi nilikamatwa zamani," bibi akaendelea kwa sauti ya chini, macho baharini. "Na mama mkwe wangu. Yeye alisema chuma. Ndiyo maana Gerardo yuko hai. Ndugu zake waliomtangulia hawako. Nililala kitandani nikioza, mpaka yeye mwenyewe alipokufa, kifungo kikafunguka, nikainuka. Nikashukuru. Halafu akazaliwa binti yako..." Akamtazama mtoto, akageuza macho. "Si mimi ninayeamua kwenda, Ermelinda. Nakuta tu nimeshafika. Nikasema tuvuke maji, labda hili linalonichukua litabaki huko kwenye mijozi yake. Halikubaki."

"Kwa hiyo chumvi ile..."

"Nilikuomba mbele ya watu wote, uniaibishe. Ukacheka."

"Nishike tena," Ermelinda alinong'ona. "Yaani nikushike tena. Usiku huu. Nitasema."

"Anayeuliza si mimi. Na hilo halikuulizi mara mbili." Bibi akajifuta macho kwa ncha ya nywele. "Nilikungoja useme chuma, mwanangu. Nilikuwa naomba useme."

Gerardo akatokea akiburuta masanduku, kachomwa na jua, anapiga mluzi.

"Haya, twendeni nyumbani! Ermelinda, mpe Mama mtoto, wewe shika begi hili."

"Nitambeba mwenyewe."

"Umbebe na begi? Acha ukaidi bwana, huoni watu wanavyosubiri nyuma yetu?" Akamchukua Donato mikononi mwake, kwa urahisi, kama anavyofanya baba yeyote, akamkabidhi mama yake.

Mikono ya bibi ilirudi nyuma kidogo. Lakini ilimpokea.

Nyumbani kwao ni nyumba moja, ukumbi mmoja, mlango wa chumba cha mtoto unaangaliana na wa bibi yake. Donato, aliyekuwa hajacheka tangu Palermo, akanyoosha kingumi, akakamata zile nywele zilizofunguka, akacheka.

"Chuma," Ermelinda akasema. "Chuma. Chuma na feleji. Chuma!"

Watu wakageuka. Gerardo akatabasamu kwa haya.

"Anasema nini huyu?"

"Anasema amechoka," Mama Assunta akajibu, akambusu mtoto utosini, akaanza kushuka ngazi.