Marraine Bila Arusi

Maneno yalinikuta kwenye soko ya Mweso, nikichagua maharage. Jirani yangu Nyiransengimana alisema bila kuniangalia:

"Mama Astrid, hata mualiko hautupi? Banasema binti yako ameisha pata marraine."

Kwetu, marraine, mama musimamizi, ni wa ubatizo ao wa arusi. Astrid alibatizwa akiwa mutoto muchanga. Basi ilibaki arusi, na mutoto iko na miaka kumi na sita tu.

Maneno yale yalinifuata mpaka shambani. Nilipalilia muhogo, nikang'oa muhogo, nikaacha majani.

Jioni nilifungua mufuko wa Astrid. Mulikuwa na kitambaa cheupe, chepesi.

"Na hii voile, shela ya bibi-arusi?"

"Mama, nusa kwanza."

Kilinuka maziwa ya kuchacha.

"Ni ya kuchujia fromage, jibini ya maziwa. Mama Euphrasie njo ananifundisha."

Sikuamini. "Hautarudi kwake tena."

Astrid alirudisha kitambaa kwenye mufuko. Tangu aache masomo alikuwa hacheki. Kule njo kicheko kilikuwa kimemurudia.

Kesho yake Euphrasie alikuja mwenyewe. Ni mama wa parokia yetu, anatengeneza fromage tangu zamani.

"Kosa iko yangu," alisema. "Nilipaswa kuanza hapa kwenu. Kanisani walituomba, kila mukubwa asindikize kijana moja. Njo maana wanatuita marraine."

"Na wewe unapata nini?" akauliza Habineza, bwana yangu.

"Hakuna, Papa. Anajifunza, ananiuliza, ninamusikiliza. Mulango iko wazi, mukuje muone."

"Basi arusi hakuna? Nilikuwa nimeanza kuwaza ng'ombe ya mahari."

"Ng'ombe iko, Papa. Ya maziwa."

Tulicheka wote. Nikaenda kwake kuona. Astrid alikoroga, Euphrasie alikaa mikono kwenye mapaja. Fromage ilipasuka. Nilisogea nisaidie, Euphrasie akanishika mukono.

"Mumuache, Mama. Ataona mwenyewe."

Ya pili ilishikamana vizuri. Siku ya Pasaka iliwekwa kwenye meza yetu. Nyiransengimana alikula kutupita wote, akasema: "Arusi hii iko tamu."

Wenye kusindikiza vijana, na sisi wazazi, tuepuke haya:

Kuchukua mutoto wa muntu bila kubisha kwa wazazi wake.
Kukutana naye kwa kujificha, ao kumwambia "usiseme kwenu".
Kumugeuza boyi wa nyumba yako.
Kumunyang'anya kazi mukononi kwa sababu anakawia.
Kumukataza mutoto mbele ya kumusikiliza.
Kuita kitambaa voile mbele ya kukinusa.