Niliinama Makaburini

Sikuwa na cheti. Sikuwa na kimo, sikuwa na baba wa kunishika mkono, wala viatu vya rangi moja siku ya kwanza nilipokanyaga jukwaa. Kusoma nilijifunza ukubwani, shule ya usiku, mchana nikibeba magunia. Hata hivyo nimekuwa mfalme, hakimu, mlevi na kuhani, na watu wamesimama kunipigia makofi. Kitu kimoja zaidi sikuwa nacho, nami nilikuja kukigundua uzeeni, nimesimama mlangoni kwa shemeji yangu na suti iliyopigwa pasi, yeye ameuziba mlango kwa mikono miwili.

— Dada hayupo.

— Shemeji, na viatu hivi ni vya nani?

— Viatu vipo. Mwenyewe hayupo, kwako wewe.

Ndani cherehani ikanyamaza. Mke wangu alikuwa mshonaji wa mavazi ya kundi letu. Kila mchezo nilioucheza, alikaa pembeni na sindano yake akisikiliza mazoezi mwanzo hadi mwisho. Mimi humwita Fundi. Yeye huniita Mfalme, kwa nafasi ya kwanza iliyonipa jina. Tangu tumzike mama yake, alikuwa amehamia hapa kwa mdogo wake.

— Mwache aingie, — alisema. — Tuone leo anacheza nini.

Nikavua kofia, nikashusha sauti.

— Fundi, nyumba bila wewe ni gereza lililoachwa mlango wazi.

— Hakimu, — akasema, macho yakiwa kwenye kitambaa. — Pale mkewe anapomkimbia. Joho lilikubana, nikalifumua kwapani.

Shemeji akaangua kicheko. Mimi nikapiga goti.

— Nitukane, nipige, lakini usininyamazie. Kimya chako kinanizika hai.

— Mlevi huyo. Na uinuke, goti lenyewe bovu, usije ukatuachia kazi ya kukubeba.

Machozi yakanilenga. Yalikuwa ya kweli, naapa.

— Dada, tazama, analia!

— Litatangulia chozi la jicho la kushoto, — akasema Fundi. — Ndilo linaloelekea watu.

Likatangulia la kushoto.

Hapo akaweka kitambaa chini, akanitazama.

— Unajua kwa nini niliondoka?

— Kwa yale maneno niliyosema makaburini.

— Maneno ningesamehe.

Siku ile niliombwa niseme neno kwa niaba ya wakwe. Nikawaelekea watu, nikamlilia mama mkwe kwa kilio cha mfalme anayemzika mwanawe, neno kwa neno. Nilipomaliza, mtu mmoja akajisahau akapiga makofi. Wa pili akamfuata. Nami nikaweka mkono kifuani, nikainama.

— Uliinama, — akasema. — Mama yangu yumo shimoni, udongo haujarudishwa, na wewe unapokea makofi. Mimi nilikuwa nyuma yako, Mfalme. Ulinipa mgongo ili watu wakuone uso.

— Ni mazoea, mke wangu.

— Hayo mazoea ndiyo yanayonitisha. Nimelala na hakimu, nimeamka na kuhani. Mume wangu ni yupi? Niambie neno moja tu ambalo hukulikariri.

Nikafungua kinywa. Bila kutaka nikatupa jicho pembeni, kule anakokaa mtu wa kutukumbusha maneno tukiyasahau. Shemeji akaliona jicho langu, akaacha kucheka. Heri angeendelea.

Nilirudi nyumbani nikamtumia ujumbe: "Nakungoja kama shamba linavyongoja mvua."

Akajibu: "Kuhani."

Nikatuma: "Mimi ni mavi ya jana, nisamehe."

"Mlevi tena. Ulikuwa na kofia ya kijani."

Nilikuwa bado natafuta mhusika wa tatu harufu iliponifikia. Nikakimbilia jikoni, nikarudi, nikaandika kwa vidole vyenye masizi: "Nimeunguza sufuria."

Akajibu: "Hiyo siijui. Sufuria ipi?"

"Ile ya mama."

Akapiga mara moja.

— Ile ya mama? Wewe mzee wewe!

— Ile aliyonipikia uji nilipokuwa na homa.

— Unaikumbuka?

— Fundi wangu, moyo wangu leo...

— Ishia hapo hapo! Sauti imeanza kupanda jukwaani. Usinipigie, usije. Andika barua. Kwenye karatasi sitaliona jicho la kushoto.

Akakata.

Kesho yake vijana wa ukumbi wakanipigia. Walikuwa wameandaa jioni ya kunienzi.

— Mzee wetu, utueleze ni nafasi gani hutaisahau maishani.

Nilikuwa nayo: mtu aliyeinama makaburini. Nikawaza nitakavyoisimulia, watakavyolia, watakavyosimama. Nikajikuta tayari nachagua taa inipige upande gani. Aibu ikanishika shingo hadi masikioni.

— Wanangu, sitakuja, — nikawaambia.

Nikakaa mezani na kalamu. Mwandiko wangu ni wa shule ya usiku, mkubwa na ulionyooka, nami najivunia. Siku hiyo ulipinda. Nilichana karatasi hadi sakafu ikajaa, maana kila sentensi tamu ilikuwa na mwenyewe. Iliyobaki ni hii:

"Fundi, mama yako alinipikia uji kwenye sufuria hiyo wakati sina kazi, wala hakunisema. Nilimpenda. Siku ile kilio kilinifika kooni, kibaya, cha kamasi, nikaona haya watu kuniona hivyo. Nikaazima cha mfalme. Nilikuambia kuinama kule ni mazoea. Nilikudanganya. Makofi yalipokuja nilifurahi. Mama yuko shimoni nami nikafurahi. Sufuria nimeisugua, imebaki doa. Njoo ulione, au unikubalie nije nilie vibaya mbele yako."

Nikaipeleka posta bila suti. Nilikuwa kwenye foleni ya stempu bwana mmoja alipogeuka.

— Jamani, si Mfalme huyu? Mfalme mwenyewe!

Akapiga makofi. Foleni nzima ikampokea, hata karani wa dirishani. Mkono wangu ukaanza kwenda kifuani, shingo ikaanza kushuka yenyewe kama punda anayeijua njia ya kwao. Nikaukaza uti wa mgongo.

— Mzee, tupe kidogo! Kile kilio chako!

— Asante, bwana. Leo nimekuja kutuma barua.

Nikanunua stempu, nikaibandika. Makofi yakapungua, yakabaki ya mtu mmoja, naye akaona haya akaacha. Nikawapa mgongo wote. Nikalamba gundi, nikaifunga bahasha kwa kidole gumba, nikaisukuma sandukuni, nikaisikia ikianguka juu ya barua za watu wengine.