Ncha Mbili za Muwa

Swabir wa Msambweni alikuwa na tambo moja, akiirudia kila alipokaa na wenziwe kwenye kahawa: "Mwanamke aweza kunibabaisha popote, ila si nikiwa na kamera mkononi. Nikishika kamera, hata ashuke hurulaini kutoka peponi, mkono huu hautikisiki!"

Aliisema tena Jumamosi moja asubuhi, kisha akaingia soko la Ukunda kufanya kazi. Kahawa haijamshuka tumboni, tayari alikuwa amepiga picha kadhaa za giza tupu.

"Kaka mpiga picha," ikaita sauti ya kike kutoka chini ya mwavuli. "Hicho kifuniko nacho kimechumbiwa?"

Swabir akaitazama kamera. Kweli, lenzi ilikuwa imevaa kifuniko chake. Macho yake yeye yalikuwa hayamo kwenye kamera hata chembe. Yalikuwa chini ya mwavuli ule, kwa msichana wa buibui jeusi na ushungi wa rangi ya bizari, mwenye kishimo shavuni kilichoingia na kutoka kila aliposema.

"Ninapima mwanga," Swabir akasema.

"Uko wapi huo mwanga, ndani ya kifuniko?"

Muuza machungwa akacheka hadi akaangusha chungwa. Wateja wa Swabir nao wakacheka. Hao walikuwa Kibwana, fundi wa mafriji katika hoteli za Diani, na mchumba wake Zainabu, mwalimu wa chekechea. Posa ilikwishapokewa na siku ya nikaha imekwishatajwa, sasa wakataka picha za uchumba za mzaha, za mjini humu humu. Ufukweni hawakutaka. "Kila mtu kapigwa akikodolea mawimbi," Zainabu alisema. "Mimi nataka nimsukume Kibwana kwenye mkokoteni."

Mamake Zainabu alikubali kwa sharti moja: wasigusane kabla ya nikaha, na Bushra awe nao. Bushra ndiye huyo wa mwavuli, mtia hina wa Bongwe, aliyeingia nyumba za watu wenye heshima zao kupamba maharusi wao na kutoka na siri zao bila kumwaga hata moja.

"Mimi kazi yangu leo ni kukaa baina yao," akamwambia Swabir. "Wewe piga, mimi nitenganishe."

Na alitenganisha kweli. Alinunua muwa wa Ramisi, mrefu, akakata pande moja refu kwa kisu cha muuzaji, akawapa wachumba. "Kila mtu na ncha yake. Atakayevuka fundo la katikati, nampigia mama simu."

Basi picha zikawa tamu kuliko sukari iliyokuwamo ndani ya ule muwa. Zainabu, katika dera lake la kijani kibichi, akamsukuma Kibwana juu ya mkokoteni wa machungwa, na Kibwana kaushika muwa kama nahodha ashikavyo usukani. Wakavutana nao mbele ya muuza viazi vya karai. Wakaingia tuktuk, huyu mlango huu, yule mlango ule, muwa umetokeza pande mbili, dereva anapiga honi na kulalama kwamba chombo chake kimekuwa ng'ombe mwenye pembe.

Ikabaki picha moja, ya mikono tu. Wachumba walikuwa wamekwenda kunywa maji ya machungwa, na jua lilikuwa limeingia vizuri kati ya mabati ya soko. Swabir hakutaka limponyoke.

"Dada Bushra, nishikie ncha moja nipime."

"Mwanga tena?"

"Safari hii kifuniko nimekitia mfukoni. Tazama."

Akaisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, akaiamuru ijipige yenyewe, akakimbilia ncha ya pili. Mkono wa Bushra ulikuwa umejaa hina hadi kiwikoni, maua juu ya maua. Alikuwa ameijaribu kwenye ngozi yake mwenyewe kwa kuwa Zainabu aliiogopa hina mpya. Kamera ikalia. Wakabaki wameushika ule muwa, hali kamera imekwishanyamaza zamani.

"Imekwisha," Bushra akasema.

"Naona."

"Mbona huachii?"

"Nangojea uachie wewe. Mimi nimelelewa kwa adabu."

Kishimo kikaingia. Hakikutoka upesi.

Jioni simu zikaanza, kwanza za kazi. Picha ngapi? Za lini? Kisha zikawa hazina kazi.

"Umelala?" Swabir huuliza.

"Aliyelala hupokea simu?"

"Malaika hupokea wakiwa usingizini."

"Malaika anakwambia kwaheri, anakuna nazi." Na nyuma yake Swabir husikia kicheko cha Twaiba, mdogo wake Bushra, na sauti ikisema, "Nazi gani dada, si tumeshakula!"

Siku zikaenda hivyo, na Swabir akawa mtu wa kuimba barabarani. Mtu akiwa katika hali hiyo hufaa apokonywe simu. Yeye hakupokonywa. Alikuwa akitafuta picha ya kuitangaza kazi yake, akaiona ile ya mikono miwili na muwa, jua limetulia juu yake kama samli. Hakuomba ruhusa. Uso haumo, akajiambia, basi na mtu hayumo. Akaiweka WhatsApp, wote wenye namba yake waione, akaandika chini yake neno moja: *Hatimaye.*

Ndivyo mwanamume anavyofikiri. Wanawake wa Bongwe hawana haja ya uso. Wao husoma mikono. Kila mtia hina ana alama yake, na Bushra yake ilikuwa kichipukizi cha asumini kilichoinama chini ya kidole cha mwisho. Kila bibi aliyewahi kukaa mbele yake alikijua. Tena hina ya kufika kiwikoni si ya msichana wa nyumbani, ambaye hupata kidoa cha kiganja na ncha za vidole, akashukuru. Ile ni hina ya bibi harusi. Kabla ya adhuhuri Bongwe yote ilikuwa imeshasoma: Bushra kaolewa kwa siri, na mume ni yule wa kamera.

Simu ikalia.

"Hujambo, ua langu," Swabir akasema.

"Swabir." Sauti ilikuwa kavu kama mbata. "Futa ile picha."

"Picha gani? Ile nzuri?"

"Ami yangu kaulizwa msikitini kwa nini kala pilau ya harusi peke yake. Bi Kibibi nilikuwa nimtie bintiye hina kesho. Kaniambia nisije. Kasema, 'Mimi nilidhani namkaribisha mwanamwali mwenye kwao.' Wewe wajua mimi naingiaje katika nyumba za watu? Kwa jina langu. Sina kingine."

"Bushra, wallahi sikudhani..."

"Hukudhani. Ungeuliza, basi, ningekwambia."

"Nafuta sasa hivi. Na nitaeleza."

"Usieleze kitu! Futa, nyamaza, na namba yangu isahau."

Akafuta. Laiti angenyamaza. Badala yake akaandika tangazo refu, kwamba ule mkono si wa mke wake, kwamba aombwaye radhi ni binti wa Bongwe ambaye hatamtaja. Waliokuwa hawajaiona picha wakaanza kuitafuta, na waliokuwa nayo wakawagawia. Akampigia Bushra. Namba ikawa haipatikani. Akampigia Twaiba.

"Shemeji," Twaiba akamwambia, kisha akajirekebisha, "si shemeji. Kaka Swabir, dada kasema ukipiga nikwambie simu imeanguka kisimani."

"Imeanguka kisimani na unaiongelea?"

"Ni yake iliyoanguka. Yangu ndiyo kwanza inainama."

Swabir hakucheka. Alijua sasa kwamba mzaha wake wote, aliozoea kuuchomoa kama leso, haukuweza kufuta tone moja. Akateremka hadi Msambweni kwa mamake, Bi Ummulkheir, aliyekuwa uani akipepeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Habari yako nimeshaletewa, usijisumbue kuisimulia." Akaendelea kupepeta. "Wampenda?"

"Nampenda."

"Basi nitume watu wakampose?"

"Ndiyo, mama! Leo!"

"Mjinga." Ungo ukatua chini. "Ukimposa leo watu watasema mnafunika kombe. Na yeye atajiona ni kiraka cha makosa yako. Jina la mtoto wa watu umelichukua peupe. Lirudishe peupe. Posa usiitaje."

Kesho yake baada ya Alasiri Swabir akafika Bongwe, kanzu imepigwa pasi, kamera kaiacha. Ami Ubeid, mvuvi wa Jego aliyehamia Bongwe kuwalea watoto wa marehemu nduguye, alikuwa barazani pamoja na wale wale waliomtania msikitini. Swabir akaona heri. Akawapa salamu wote, akaushika mkono wa mzee, akabaki amesimama.

"Ami, mimi ndiye mwenye ile picha. Bushra alinishikia muwa nipime mwanga, mahali pa watu, mchana. Hina ile alikuwa akimjaribia mteja. Picha nimeitoa bila ruhusa yake. Hakuna ndoa, hakuna uchumba. Baina yangu na yeye hakuna kitu."

Barazani mzee mmoja aliyekuwa mbele kwa utani akaanza kutafuta kiatu chake.

"Umemaliza?" Ami Ubeid akauliza.

"Nimemaliza, ami."

"Na wewe hukuja na posa?"

"Sikuja nayo. Nimekuja na kosa."

Ami Ubeid akamsogezea mkeka. "Kaa. Unywe kahawa. Mtu mwenye kosa halali njaa kwangu."

Habari ikazunguka upesi kama ile ya kwanza, maana Bongwe haichagui. Bi Kibibi akamtumia Bushra mtu, akaomba radhi, na binti akatiwa hina. Swabir akarudi Ukunda akafungua studio yake kama kawaida, akapiga picha za pasipoti, watu wakitoka na nyuso za majonzi kwa kumtazama yeye. Alikuwa amekwisharidhika kwamba amemrudishia Bushra jina lake, na amempoteza Bushra mwenyewe.

Siku moja asubuhi simu ikalia. Ile namba iliyokuwa kisimani.

"Hakuna kitu?" ikasema.

"Bushra?"

"Nakuuliza. Umesimama mbele ya Bongwe nzima, umesema baina yangu na yako hakuna kitu."

"Ningesema nini? Ami yako amekaa pale!"

"Ungesema ukweli."

"Ukweli ungekuvunjia jina tena."

"Najua. Ndiyo maana nilikusamehe siku ile ile, nimesimama nyuma ya mlango. Kisha nikakasirika upya, kwa kuwa neno lile ulilisema vizuri mno. Nusura niamini."

Swabir akakaa juu ya kiti cha wateja, chini ya taa zake mwenyewe. "Mimi nilikuwa karibu kufa nikilisema."

"Kufa usife. Nani atanilipia muwa? Nilinunua kwa pesa yangu."

"Nikuletee shamba zima la Ramisi?"

"Usilete kitu wewe. Mtu akitaka kitu kwetu, huwatuma wakubwa zake." Na simu ikakatwa, lakini Swabir aliapa kwamba alikisikia kile kishimo kikiingia.

Bi Ummulkheir akatuma watu safari hii, na Ami Ubeid akawapokea. Maneno yakaenda na kurudi kama desturi, mahari yakatajwa kwa sauti ya chini, na ikafika siku ya jibu. Wanaume wakakaa sebuleni, Swabir kati yao, jasho linamtiririka ndani ya koti aliloazima. Ami Ubeid akainuka kwenda chumba cha ndani kumuuliza binti mwenyewe, maana asipotaka yeye hapana ndoa. Mlango ukarudishwa. Swabir akawa anahesabu maua ya pazia.

Ndani humo, Bushra alikuwa amekaa kwenye mkeka, dera la waridi, mtandio umemfunika nusu ya uso. Ami yake akamuuliza kwa taratibu kama anaridhia. Naye, kwa haya ya kike na malezi mema ya kwao, akainamisha kichwa, akanyamaza kimya. Na wakubwa wetu wanajua kwamba kimya cha mwanamwali ndicho kibali chake. Ami Ubeid akatoka, Fatiha ikasomwa, na...

"Kanyamaza nani?"

Ni Twaiba huyo. Amesimama nyuma ya kiti changu, anasoma ninavyoandika, tena anakula korosho zangu.

"Dada yako, kwa heshima yake," nikamwambia.

"Heshima! Mimi nilikuwa nimekaa naye mkeka mmoja. Na wewe, rafiki wa bwana harusi, hukuwa sebuleni na wenzako. Ulikuwa nje, umejibanza dirishani, sinia ya sambusa mkononi, umekula nusu. Nilikuona. Ulisikia kila neno."

"Twaiba, watu watasoma."

"Wasome. Andika alivyosema."

Haya. Ami Ubeid alikohoa, akaanza: "Bushra mwanangu, je, umeridhia kuolewa na Swabir bin..." Jina la baba wa watu halijatoka mdomoni, Bushra akainua mtandio.

"Nimeridhia," akasema. "Haya ami, malizia swali lako."