Sketi ya Nailoni na Moshi wa Ijumaa

Kila asubuhi Batula alipika anjera, ile mikate myembamba ya unga uliokorogwa kwa maji. Ile ya kwanza ilikuwa ya mumewe, Gelle. Gelle alikuwa amefariki, lakini mkono wa Batula haukusahau. Ulimimina unga, ukauzungusha, ukaiweka anjera ya kwanza kando. Batula aliitazama, akakumbuka, akampa mbuzi aliyesubiri mlangoni.

"Kula wewe," alimwambia. "Angalau mmoja anakula."

Batula aliishi Balambala, si mbali na mto Tana. Mtoto wake wa pekee, Yurub, aliolewa Elwak, mbali kabisa, mpakani. Yurub alimbembeleza ahamie huko. Batula alikataa. Kaburi la Gelle lilikuwa hapa. Basi akabaki, na kimya cha nyumba kikabaki naye.

Mchana alisikiliza cherehani ya jirani, Mulki, fundi wa nguo aliyehamia kutoka Garissa mjini. Walisalimiana uani tu, wakaishia hapo. Hata hivyo, cherehani ile ikinyamaza, Batula alihisi kama mtu ameondoka.

Siku moja Yurub alipiga simu.

"Hoyo," alisema, kwani ndivyo Wasomali wanavyomwita mama, "shule zikifunguliwa nitamleta Amran. Akae nawe, asome hapo. Mtoto alelewe na ayeyo wake."

Ayeyo ni nyanya, na Amran alikuwa binti wa Yurub. Batula aliibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Hoyo, unanisikia?"

"Nakusikia. Mlete. Hata leo mlete!"

Yurub alicheka. "Ngoja shule kwanza! Nimekutumia dera na sketi yake ya ndani kwa lori. Vaa Ijumaa, unukie."

Ijumaa ilipofika, Batula alioga, akavaa lile dera, gauni pana jepesi, na sketi ndani yake. Sketi ilikuwa ya rangi ya waridi, laini, ikiteleza mkononi kama maji. Akatia makaa kwenye chetezo. Juu yake akaweka unsi, ule udi uliopikwa na sukari. Moshi ukapanda. Kisha akafanya kama mama yake alivyomfundisha. Akasimama, chetezo kikiwa katikati ya miguu, ili moshi uingie ndani ya nguo. Alifanya hivyo kila Ijumaa, ingawa hakuna aliyeingia kunusa.

Mawazo yake yalikuwa kwa Amran. Je, anapenda maziwa ya mbuzi? Atalala upande gani wa mkeka? Pindo la sketi likashuka, likagusa kaa.

Halikuwaka kama kitambaa cha kawaida. Liliyeyuka. Likajikunja, likawa kama gundi ya moto, likamganda mguuni. Batula akapiga ukelele.

Cherehani ikanyamaza. Mulki akaingia mbio, akamvuta mbali na chetezo. Batula alikuwa anang'ang'ania kuibandua sketi.

"Edo, usivute!" Mulki alisema. Alimwita edo, yaani shangazi, kwa heshima. "Utang'oa ngozi!"

"Inaniunguza!"

"Najua. Kaa hapa."

Mulki akachukua mtungi, akaanza kummiminia maji mguuni, polepole.

"Maji ya kunywa hayo!" Batula alilia.

"Maji tutachota mengine. Mguu utachotwa wapi?"

"Basi niletee samli, iko pale."

"Samli ni ya anjera, edo. Ukiipaka hapa inafungia joto ndani. Usipake dawa ya meno, wala majivu. Ni maji tu, na si mara moja. Tumimine dakika ishirini."

Alipomaliza, Mulki aliikata sketi kwa mkasi. Kipande kilichoganda hakukigusa. Alikifunika kwa kitambaa safi, akampeleka Batula zahanati. Huko muuguzi ndiye aliyekitoa.

Kesho yake Mulki alikuja na chupa ya chai. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuketi kwenye mkeka wa Batula.

"Mama yangu alijifukiza hivyo maisha yake yote," Batula alisema. "Hakuungua hata siku moja."

"Alivaa nini?"

"Marekani. Pamba tupu."

"Basi tazama."

Mulki alishika uzi wa pamba kwa koleo, juu ya sahani, akauwasha. Uliwaka, ukanuka kama karatasi, ukabaki majivu laini. Kisha akachukua uzi wa ile sketi. Huo ulinywea, ukayeyuka, ukadondoka. Akangoja upoe.

"Sasa gusa."

"Ngumu kama ushanga!"

"Hiyo ndiyo nailoni. Haikuota shambani, wala haikunyolewa mgongoni mwa kondoo. Hutengenezwa kiwandani kwa kemikali zinazotokana na mafuta ya petroli. Huyeyushwa, halafu huvutwa kuwa nyuzi. Ikikutana na moto tena, huyeyuka tena. Na ikishika ngozi, haiachi."

"Nailoni? Si ile mifuko ya dukani iliyopigwa marufuku?"

"Watu huiita hivyo, lakini mifuko ile ni plastiki ya aina nyingine."

"Wallahi, nitachoma kila nailoni iliyo humu ndani!"

"Usichome, moshi wake ni sumu! Na utapigaje mswaki? Zile nywele za mswaki wa dukani mara nyingi ni nailoni. Kamba yako ya kuchotea maji ni nailoni, ndiyo maana haiozi. Hema, mikoba, soksi, hata uzi ninaoshonea mabegi. Ni nyepesi, ina nguvu, na hukauka upesi. Jua la miezi mingi huidhoofisha. Lakini nailoni na moto havipatani kabisa."

Batula alitaka kucheka, lakini simu ililia. Alikuwa Yurub.

"Niko salama," Batula alisema. "Alhamdulillahi. Hakuna neno." Akakata.

Mulki alimtazama. "Mbona hukumwambia?"

"Nikimwambia, hatamleta mtoto. Atasema mama amezeeka, hata nguo yake mwenyewe inamshinda."

"Na huyo mtoto, nguo yake ya Idd ni ya kitambaa gani?"

Batula alikumbuka picha ya Amran aliyotumiwa. Gauni la vitambaa vya wavu, limefura mpaka magotini. Na Yurub naye alifundishwa kufukiza nguo vile vile. Akaichukua simu, akasema yote: chetezo, sketi, mguu.

"Nimesikia, hoyo," Yurub alisema. "Nitakupigia."

Hakupiga. Shule zikafunguliwa. Watoto wenye sare mpya walipita langoni, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeingia. Anjera ya kwanza iliendelea kuwa ya mbuzi.

Lakini Batula hakukaa bure. Yeye na Mulki walifunga kamba ya nailoni kutoka ukuta hadi ukuta. Chetezo walikiweka pembeni, juu ya mawe, ndani ya kizimba cha waya. Tangu hapo, Batula alitundika nguo za pamba kwenye kamba, juu sana, moshi ukazifikia bila makaa kuzigusa. Kisha alikitoa chetezo nje, ndipo akavaa. Nguo ilifukizwa bila mtu ndani yake.

"Nani atakayekuja kunusa?" alimuuliza Mulki.

"Mimi si mtu?" Mulki alijibu.

Alasiri moja gari lilisimama nje. Yurub alishuka, na nyuma yake Amran, ndani ya lile gauni lililofura. Mtoto aliona moshi, akaukimbilia.

"Simama hapo hapo!" Batula aliita. "Ngoja ayeyo aje kwako!"

Akamfuata akichechemea, akamkumbatia mbali na moto.

Yurub alikagua kizimba, akaishika kamba. Kisha akapiga magoti, akainua pindo la dera la mama yake, akalitazama kovu.

"Ulikasirika," Batula alisema.

"Nilikasirika. Halafu nikaona haya. Sketi niliituma mimi, hoyo. Na Amran nilikuwa nikimfukiza vivyo hivyo, na gauni lile lile." Akalishusha pindo. "Ungenificha, ningejuaje? Umeniambia. Ndiyo maana nimemleta."

Yurub alikaa siku chache, akarudi Elwak. Asubuhi iliyofuata Batula aliwasha jiko. Mkono wake ulimimina unga, ukauzungusha, ukaiweka anjera ya kwanza kando. Kabla hajageuka, vidole vidogo vilikuwa vimeichukua.

"Ayeyo, ina moto!"

"Ipulize."

Mlangoni mbuzi alilia. Alingoja, akalia tena.

"Leo hamna chako," Batula alimwambia, akamimina unga mwingine.