Wageni Wasioaga

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia maranda katika karakana ya baba yake, fundi seremala. Watu walimwita Chiriku kwa sababu ya kusema sana. Lakini tangu ukame uanze na wateja wapotee, binti huyo wa miaka kumi na miwili alikuwa kimya. Mama alikuwa amekwenda kumuuguza bibi. Nyumbani alibaki yeye na baba, na baba hakula wala hakulala. Alitafuna mirungi tu.

Mirungi haikuwa ngeni mtaani. Ijumaa alasiri wazee walikutana kwa baba mkubwa, kaka yake baba, aliyekuwa kinyozi. Yeye ndiye aliyefungua kitita na kugawa, kisha mazungumzo yakaanza: nani kagombana na nani, nani anataka kuposa. Jua likizama, kila mtu alirudi kwake kula. Kutafuna peke yako kulikuwa aibu.

Sasa baba alijifungia. Alikuwa amepata kazi ya madawati ya shule, na aliogopa isije ikamponyoka.

"Kaniletee kitita kingine," alisema Jumamosi moja. "Baba yako mkubwa akiuliza, sema ni cha wageni."

Chiriku aliitazama kazi ya baba. Mguu wa dawati alikuwa ameukata mfupi, akakata mwingine, nao mfupi. Msumeno wa umeme uliunguruma, na vidole vya baba vilipita karibu nao mno.

"Baba, pumzika kidogo."

"Nikipumzika tutakula nini? Hebu nenda!"

Muuza mirungi alikaa mkabala na kinyozi. Baba mkubwa alichungulia mlangoni, wembe mkononi.

"Wageni tena, mwanangu? Wageni gani hawa wasioaga?"

Wateja walicheka. Chiriku alifungua mdomo aseme uongo wake wa kila siku, lakini aliviona vile vidole akilini. Machozi yakamtoka.

"Hakuna wageni, baba mkubwa. Ni baba. Halali, na yuko kwenye msumeno."

Baba mkubwa alitupa wembe, akatoka mbio. Mteja wake akamfuata, povu shavuni.

Walimkuta baba akisukuma ubao huku kope zikimwangukia. Baba mkubwa alizima umeme ukutani.

"Umenishitaki, Chiriku?" baba alifoka.

"Amekuokoa vidole! Kwa nini hukuniambia una shida, ndugu yangu?"

Baba alikaa juu ya mbao, akainamisha kichwa. "Nikiacha kutafuna, naanza kuwaza."

Alikunywa uji, akalala mpaka kesho yake. Kisha baba mkubwa akampeleka kituo cha afya. Wazee wa Ijumaa, pamoja na yule mteja wa povu, walikuja kupiga randa na misumari, baba akiwaelekeza. Madawati yakakamilika.

Baba mkubwa akamwita Chiriku kando.

"Zamani tulitafuna ili tuzungumze. Shida ilipoingia, baba yako alitafuna ili asizungumze na mtu. Majani hayashibishi, mwanangu; yanaficha njaa na usingizi tu. Na mficha maradhi, kilio humfichua. Mkubwa akikutuma ufiche jambo litakalomdhuru, kunyamaza si adabu. Mtafute mkubwa mwingine umwambie. Nami kitita cha Ijumaa nimekiacha, maana ndugu yangu alijifunzia kwangu."